Mbona Popeye Haruki?

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kulala kwangu. Ana miaka tisa, gemu anazozijua ni za mpira na zile za kukimbia kwenye reli, nikasema leo ngoja nimuonyeshe kitu, nikamfungulia kwenye simu Popeye ya Nintendo, ile kampuni ya gemu ya Japani, ile ya zamani kabisa. Dakika mbili hazijaisha ananisukuma bega.

"Mjomba, huyu mbona haruki? Nimebonyeza zote."

"Haruki."

"Haruki kivipi?"

"Anatembea, anapanda ngazi, anapiga ngumi. Basi."

Akaiangalia simu, akaniangalia na mimi, akarudi kwenye simu. Baada ya muda kidogo akaja na la pili, na hili ndo limenikaa kichwani mpaka leo nimefungua laptop naandika: "Ila lile jitu linaruka. Mbona adui anaruka halafu steringi haruki?"

Mi swali hilo nilikuwa nalo tangu nina umri wake. Tanga, Ngamiani, barabara ya 12, kuna nyumba kaka yao mkubwa alikuwa anafanya kazi Maskati, na likizo moja akarudi na Terminator. Kwa ambao hamkuikuta, Terminator ilikuwa ni kopi ya mashine ya Famicom ya Nintendo, imetengenezwa na viwanda ambavyo Nintendo wenyewe hawavijui, na mi nadhani nusu ya watoto wa mijini wa miaka ya tisini kuanzia Dar mpaka Nairobi gemu yao ya kwanza waliishika kwenye mashine ya aina hiyo. Kaseti ya njano, unaipuliza vumbi kwanza, unaichomeka, unazungusha kitufe cha tivii taratibu mpaka picha itulie, halafu inakuja listi ndefu ya majina ambayo ukishuka chini unagundua ni gemu zile zile zimebadilishwa majina. Tivii yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Masharti ya mama mwenye nyumba yalikuwa matatu tu: viatu nje, hakuna kukaa kwenye kochi, na ikilia adhana ya magharibi inazimwa hata kama mtu yuko steji gani.

Tulikuwa tunakaa kwenye mkeka watoto saba, wanane, ukifa pedi inahama. Na Popeye ilikuwepo kwenye ile listi, na watu wengi walikuwa wanairuka wanaenda kwenye za kupiga risasi, kwa sababu hiyo hiyo aliyoisema mpwa wangu. Mi nilikuwa nairudia. Nilikuwa namjua Popeye, yule baharia wa katuni anayekula mchicha akapata nguvu, kutoka kwenye kanda za VHS, na nyumbani nilikuwa namsikia kila siku mchana maana mama alikuwa hana hoja nyingine ya kunilisha mchicha, kula baba, kula uwe na nguvu kama Popeye, na mi nilikuwa nakula kweli halafu najikunja mkono kuangalia kama kuna kitu kimeongezeka.

Sasa nimekuwa mtu mzima na hizi gemu za akedi zilizotolewa kwenye katuni ndo kitu ninachokifuatilia kuliko kitu kingine chochote. Nasema akedi kwa maana ya zile mashine kubwa za kusimama, unatumbukiza sarafu, zilizojaa Marekani na Japani miaka ya themanini, ambazo sisi tulizipata baadaye zimepunguzwa ziingie kwenye kaseti. Nimecheza nyingi. Na kila nikirudi kwa Popeye naona ni ile ile, hakuna aliyeielewa katuni kuliko watu waliotengeneza gemu hii, na ushahidi wangu ni hicho hicho kitufe ambacho hakipo.

Tuanze na Popeye mwenyewe. Huyu mtu alizaliwa gazetini, tarehe 17 Januari 1929, kwenye vibonzo vya E. C. Segar vilivyokuwa vinaitwa Thimble Theatre. Vibonzo vyenyewe vilikuwepo tangu 1919, kwa hiyo miaka kama tisa nzima steringi walikuwa wengine, kina Olive Oyl na kaka yake Castor. Castor akawa anatafuta baharia wa kumvusha kwenye safari yake, akamuokota bandarini huyu mwenye jicho moja na mikono iliyovimba kama miguu ya kitanda cha zamani, na mpango ulikuwa safari ikiisha na yeye aende zake. Wasomaji wakamng'ang'ania. Akarudi, akabaki, mwisho wa siku wenye nyumba ndo wakawa wageni.

Mwaka 1933 akina Fleischer, watengeneza katuni wa Marekani, wakamuingiza kwenye sinema. Gazetini mchicha ulikuwa unapita tu mara moja moja, katuni ndo zikaufanya sheria. Na ukizikalia zile za miaka ya thelathini, tano sita mfululizo, utaiona sheria yenyewe ilivyo. Popeye anapigwa. Anapigwa sana, dakika tano sita za katuni yeye ni wa kupigwa, adui yake Bluto mkubwa mara mbili yake, mpenzi wake Olive kashabebwa, na Popeye ngumi anazirusha lakini haziingii popote. Halafu linatokea kopo la mchicha. Linakuja kwa sekunde chache tu, na katika hizo sekunde chache ngumi moja inageuza dunia, kuna katuni anampiga ng'ombe dume na yule ng'ombe anatua chini akiwa ameshakuwa mapande ya nyama yamepangwa buchani tayari kwa kuuzwa. Kopo likiisha na katuni imeisha. Hakuna sehemu anayopona kwa wepesi wa miguu, hakimbii vizuri, haruki vizuri, hana ujanja. Ana uvumilivu na ana ngumi, na ngumi yenyewe mpaka ifike saa yake.

(Kuna ile ya rangi ya 1936 ambayo Bluto ndo anakuwa Sindbad, mfalme wa kisiwa chake mwenyewe, na sisi watoto wa pwani ilituuma, maana Sindbad kwetu ni mtu wa nyumbani, bibi kazisimulia safari zake kama za jirani, leo unamkuta ndo adui na anatupwa huku na huku na baharia wa kizungu. Niliiangalia mara nyingi mno hata hivyo. Mandhari ya nyuma kwenye ile katuni ni vitu vya kweli vilivyojengwa vidogo vidogo mezani vikazungushwa, wale waliochorwa wanatembea mbele yake, na mpaka leo sijachoka kuliangalia lile pango.)

Haya, sasa twende Kyoto, mji wa Japani yaliko makao ya Nintendo. Mwaka 1980 Nintendo walikuwa na gemu ya akedi inaitwa Radar Scope, ya kupiga vyombo vya angani, wakatengeneza mashine 3,000 kwa ajili ya Marekani na zikauzwa kama 1,000 tu. Kwa hiyo kuna makasha 2,000 yamekaa stoo Marekani yanakula vumbi. Bosi wao Hiroshi Yamauchi akataka gemu mpya ya kuwekwa ndani ya makasha hayo hayo, na kazi akapewa kijana aliyesomea usanifu wa bidhaa, Shigeru Miyamoto, kwa usimamizi wa Gunpei Yokoi. Miyamoto akataka kufanya Popeye. Watu watatu, baharia, jitu, na msichana. Leseni haikupatikana.

Wakabaki na umbo bila majina. Jitu likawa nyani, msichana akawa Pauline, baharia akawa fundi mfupi mwenye masharubu ambaye mwanzo walimwita Jumpman na baadaye dunia nzima ikamjua kama Mario. Hiyo ni Donkey Kong ya 1981. Na kuna kitu kimoja ambacho Miyamoto mwenyewe amewahi kukieleza, na mi nilipokisoma nilisimama nikazunguka chumba: kwamba kichwani kwake kulikuwa na katuni moja ya Popeye ambayo Olive anatembea usingizini, anaingia kwenye jengo linalojengwa, na kila akikaribia kukanyaga hewa linatokea boriti la chuma linampokea mguu. Zile boriti nyekundu za Donkey Kong ambazo kila mtu anazijua, chanzo chake ni pale. Yaani Popeye alinyimwa kuingia lakini nyumba ilishajengwa kwa vipimo vyake.

Na humo ndo kuruka kukapata jina. Pipa linakuja linaviringika kwenye boriti, mtu wa kawaida angefanyaje? Angeliruka. Kikawekwa kitufe. Leo ukimwambia mtoto yeyote "gemu" kidole gumba chake kinatafuta kitufe cha kuruka chenyewe bila kufikiri, kama alivyofanya mpwa wangu, na tabia hiyo kuienea dunia nzima sehemu kubwa ni kazi ya yule fundi aliyekaa kwenye kiti cha Popeye.

Hapa ndo naomba msomaji utulie na mimi. Mwaka 1982 leseni ikapatikana. Ni Miyamoto yule yule, safari hii yuko na Genyo Takeda, ni Nintendo ile ile, na mkononi wana kile kitufe kilichowatoa. Donkey Kong imeuza ajabu, kila kampuni inaiga, mtu yeyote mwenye akili ya biashara angemchukua Popeye akambandika pale pale, ngazi hizi hapa, mapipa haya hapa, ruka. Wakakitoa kitufe cha kuruka. Kwenye mashine ya Popeye kuna fimbo ya kuongoza na kitufe kimoja, na kile kitufe ni ngumi.

Na ngumi yenyewe haimpati Brutus! (Kwenye mashine anaitwa Brutus na sio Bluto, jina hilo lilianzia kwenye katuni za tivii za miaka ya sitini kwa sababu ya mkanganyiko wa nani mwenye haki ya jina la kwanza.) Ukimpiga hakuna kinachotokea, akikugusa umekufa. Ngumi inavunja chupa unazorushiwa na mambo madogo madogo ya hivyo, kwenye steji ya kwanza kuna mfuko wa mazoezi ya ngumi ambao ukiupiga unaangusha ndoo, na yeye akiwa chini yake inamshukia kichwani unapata nafasi ya kupumua, lakini Brutus mwenyewe humuwezi. Anatembea ghorofa uliyopo, ukishuka anaruka anatua mbele yako, ukiwa juu anaruka kukupiga miguu kutoka chini. Kila mwili unachoweza yeye anakiweza kukuzidi. Kwa hiyo mpwa wangu aliona sawasawa: adui ndo amepewa kuruka.

We kazi yako ni kupokea. Olive yuko juu kabisa anaachia mioyo, inashuka taratibu inayumba kulia kushoto kama manyoya ya kuku, na unatakiwa uidake 24. Steji ya pili ni noti za muziki 16. Steji ya tatu mko kwenye meli na anadondosha herufi za neno HELP, 24 hizo, na kule juu kuna tai anazunguka. Ukiuacha moyo ukafika kwenye maji na ukachelewa kuuwahi unakufa, hata kama Brutus hajakugusa, na hilo ndo lilikuwa linatuua zaidi sisi kwenye mkeka, maana mtu anajificha pembeni kumkimbia jitu huku moyo unazama. Nilichelewa sana kujua kwamba mioyo ile ina rangi. Mi nilikuwa naijua ya kijivu.

Halafu kuna kopo. Moja kwa steji. Ukilichukua muziki unabadilika na kwa sekunde chache, chache kweli, Brutus anageuka anaanza kukukimbia wewe, na ukimfikia ngumi inaingia, anaruka hewani anazunguka anatumbukia baharini. Baada ya muda anaogelea anarudi. Kumbuka nilichosema kuhusu katuni: kuteseka kurefu, kopo, sekunde chache. Wamechukua dakika saba za sinema wakazitia mkononi mwako, na wasingeweza kufanya hivyo kama Popeye angekuwa anaruka, kwa sababu mtu anayeruka ana pa kukimbilia kila wakati, hasubiri kopo. Kile ulichonyimwa ndo kinakufanya uwe yeye. Mi hicho kitu nakiona ni akili kubwa kuliko boriti zote za Donkey Kong na nitabishana na yeyote.

Na wahusika wamechorwa vizuri sana kwenye ile mashine ya akedi, pikseli zao ni ndogo ndogo kuliko za mandhari ya nyuma, kwa hiyo nyumba na ngazi zinaonekana za matofali makubwa makubwa lakini Popeye mwenyewe ana kiko, ana kidevu, Olive ana ile shingo yake. Kwenye kaseti yetu hilo lilipotea. Wimpy, rafiki yake Popeye, kule steji ya pili, yule anayekaa upande mmoja wa bembea ya ubao ili wewe ukiangukia upande wa pili ikutupe juu kwa yule mtoto mchanga Swee'Pea, nilikuwa sijui hata kama ni mtu.

Tarehe 15 Julai 1983 Famicom ikaingia madukani Japani na gemu tatu tu za kuanzia: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Napenda kulifikiria hilo rafu la duka. Mwenye kiti na aliyekikalia, bega kwa bega. Na kutoka kwenye hizo gemu za mwanzo mwanzo, ndogo, nyepesi kuingiza kwenye kaseti ya listi ndefu, ndo Popeye akapata njia ya kufika mpaka barabara ya 12.

Nimesema nimecheza nyingine, niziseme haraka haraka. Road Runner ya Atari Games, 1985, hiyo nayo imesikiliza. Kwenye katuni za Chuck Jones, za yule ndege mwenye mbio anayewindwa na mbweha, mbweha hashindwi na ndege, anashindwa na vifaa vyake mwenyewe na malori yanayopita, na kwenye gemu ndege hana silaha hata moja, ana mbio tu na lazima ale punje njiani asije akaishiwa nguvu, akili yote ni kumvuta mbweha mpaka lori limkute yeye na sio wewe. Imetulia sana hiyo. Turtles ya Konami, wale kasa wapiganaji, 1989, kama gemu ya kupigana ni ya kawaida tu, lakini mashine ilikuwa na nafasi ya watoto wanne wamesimama bega kwa bega na katuni yenyewe ni ya ndugu wanne, kwa hiyo kile mnachokifanya kwa miili yenu mbele ya kasha ndo katuni. Simpsons ya Konami, 1991, imefuata humo humo, na wawili wa familia wakisimama karibu wanaungana kupiga pigo moja, mama na mtoto, baba na mtoto. Kile kitu kidogo mi kinanipata.

Na kuna Dragon's Lair, 1983, ambayo haijatolewa kwenye katuni, yenyewe ndo katuni, imechorwa kwa mkono na timu ya Don Bluth aliyetoka Disney, ikawekwa kwenye diski ya leza. Watu walikuwa wanapanga foleni kulipa senti 50 wakati gemu nyingine ni 25. Ni nzuri ajabu, sijui kama kuna gemu ya mwaka ule inayoisogelea kwa macho. Lakini mkono wako unafanya nini? Unasubiri, unasukuma fimbo upande mmoja kwa wakati mmoja, umepatia picha inaendelea, umekosea unaangalia anavyokufa. Niliicheza mpaka mwisho na sikuhisi hata mara moja kwamba yule shujaa ni mimi. Popeye wa kijivu, mwenye miguu ya pikseli nne, kwenye tivii inayotetemeka kila gari likipita, nilikuwa mimi kabisa, mpaka mabega yalikuwa yananiuma.

Hayo yote sikumwambia mpwa wangu, angelala. Nilimwambia tu aache kutafuta kitufe. Akafa kama mara kumi. Kosa lake lilikuwa lile lile letu, akiliona kopo analikimbilia hapo hapo Brutus akiwa mbali huko mwisho wa ghorofa, mpaka amfikie mchicha umeshaisha na ni yeye tena anayekimbizwa. Nikawa nimekaa nyuma yake sisemi.

Saa nne na kitu mama yake akapiga simu kuuliza kama kalala, nikasema bado kidogo dada. Nilivyorudi sebuleni nikamkuta kasimamisha Popeye pembeni ya kopo, hatembei, kidole gumba kipo juu ya ngumi, na Brutus anakuja taratibu kutoka upande wa kulia. Nikafungua mdomo nimwambie chukua, utakufa.

"Subiri mjomba," akaninong'oneza bila kugeuka. "Subiri asogee."